Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwasa mtu anayedhani kwamba kitu cha kubandika chaweza kushika mahali pa kitu cha asili kilichopotea. Ni nadra wanaoitumia kukumbuka kwamba hata maana yake ya wazi, ile ya jino lenyewe na pengo lenyewe, ni kweli tupu ya kisayansi. Mfupa uliovunjika huunga, ngozi iliyochanika hufunga, na damu iliyomwagika hurudishwa na mwili baada ya muda. Lakini jino la ukubwani likishang'oka, mwili hauoti jingine. Hali kadhalika enameli, yaani gamba la nje la jino ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, likishatoboka haliwezi kujijenga upya, kwa sababu seli zilizolijenga hutoweka wakati jino linapochomoza katika ufizi.

Kwa hiyo meno ni mali ambayo kila mtu hupewa mara mbili tu katika maisha yake: mara ya kwanza akiwa mchanga, na mara ya pili akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Anapoingia shule ya sekondari karibu meno yote atakayokuwa nayo hadi uzeeni yamekwisha kuota. Hapana shaka basi kwamba miaka ya shule ndiyo miaka ya kuamua kama mtu huyo atayatunza au atayapoteza. Hata hivyo, katika shule nyingi jino hufundishwa kama mchoro: mwanafunzi hulichora kwa penseli, huandika majina ya sehemu zake pembeni, hukariri idadi ya magego na chonge, hupata alama zake, kisha hutoka nje wakati wa mapumziko akanunua peremende langoni. Hoja ya makala haya ni kwamba elimu ya namna hiyo haitoshi, na kwamba mwalimu wa sayansi, akitaka, anaweza kuokoa meno mengi zaidi kuliko daktari yeyote wa meno.

Ukubwa wa Hasara

Pengine itasemwa kwamba meno ni jambo dogo likilinganishwa na malaria, kifua kikuu au UKIMWI. Ni kweli kwamba jino bovu haliui kwa kasi ya malaria. Lakini udogo wa jambo haupimwi kwa vifo peke yake. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu katika kila wanne kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Kenya na Tanzania zimo. Watu takriban bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Hakuna maradhi mengine yanayowapata watu wengi kiasi hicho.

Nyuma ya hesabu hizo kuna mwanafunzi asiyelala usiku wa kuamkia mtihani kwa maumivu ya gego, mkulima anayesafiri siku nzima kwenda hospitali ya wilaya, na mama anayetumia fedha za chakula kununua vidonge vya kutuliza maumivu. Katika vituo vingi vya afya vijijini tiba ipatikanayo kwa urahisi ni moja tu, nayo ni kung'oa. Mwenye uwezo huziba jino lake mjini. Asiye na uwezo huondoka na pengo. Hivyo maradhi ya meno, ambayo hayachagui tajiri wala maskini yanapoanza, huchagua sana yanapokwisha.

Ukoga ni Nini?

Lugha ya Kiswahili ina neno la zamani kwa ule utando laini, wa rangi ya maziwa au manjano hafifu, unaoganda juu ya meno yasiyosafishwa: ukoga. Watu wengi hudhani kwamba ukoga ni mabaki ya chakula. Sivyo. Mabaki ya chakula huondoka kwa kusukutua maji, ukoga hauondoki. Ukoga ni kundi kubwa la bakteria walioshikamana wao kwa wao, na kushikamana na jino, kwa gundi wanayoitengeneza wenyewe.

Mtu wa kwanza kuwaona viumbe hao alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe. Katika barua aliyoipeleka kwa Shirika la Kifalme la London mwaka 1683, alieleza jinsi alivyokwangua utando kati ya meno yake, akauchanganya na maji safi, akaona humo vijidudu vingi vikiogelea. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi apaswa kulijua. Alisukutua kinywa chake kwa siki kali, akakwangua tena, akawakuta vijidudu wangali hai katika utando ule. Lakini alipoitia siki hiyo moja kwa moja katika maji yenye utando uliokwisha kuchanganywa, walikufa mara moja. Akahitimisha kwamba siki iliwaua waliokuwa nje tu, haikupenya hadi ndani.

Hitimisho hilo la mfanyabiashara wa nguo lingali sahihi hata leo. Bakteria walio katika ukoga wamejenga ngome. Dawa za kusukutua, maji ya chumvi, na hata baadhi ya dawa za viuavijasumu hushindwa kupenya ngome hiyo kikamilifu. Njia ya uhakika ya kuiondoa ni kuibomoa kwa mkono, kwa kitu chenye nyuzi kinachosugua jino. Dawa ya meno inayotoka katika tyubu husaidia, lakini si yenyewe ibomoayo. Mtu apakaye dawa nyingi akasugua kwa sekunde 10 ametia manukato tu. Ukoga wake umebaki pale pale.

Ujenzi wa ngome hiyo huanza upesi. Dakika chache baada ya jino kusafishwa, protini za mate hutandaa juu ya enameli kama utando mwembamba usioonekana. Baada ya saa chache bakteria wa kwanza hujibandika juu ya utando huo, nao wakawa msingi wa wengine kujibandika. Ukoga ukiachwa kwa siku kadhaa huwa mnene, na bakteria wasiopenda oksijeni huanza kustawi katika sehemu zake za ndani, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiendelea kuachwa, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe. Ukoga uliofikia hali hiyo hauondolewi tena kwa mswaki wa nyumbani, bali kwa vyombo vya mtaalamu.

Siku 21 za Aarhus

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu chanzo cha maradhi ya fizi. Wako waliodai kwamba ni uzee, wako waliodai kwamba ni upungufu wa vitamini, na wako waliodai kwamba ni urithi. Ubishi huo ulipata jibu mwaka 1965, pale Harald Löe na wenzake wa chuo cha udaktari wa meno cha Aarhus, Denmark, walipotoa matokeo ya jaribio lililokuwa rahisi mno. Walichukua watu 12 wenye fizi zenye afya, wengi wao wakiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakawaomba waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote 12 walikuwa wamepatwa na uvimbe wa fizi. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zao zilirudia hali njema kwa muda wa wiki moja hivi.

Jaribio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba fizi zinazovimba na kutoka damu husababishwa na ukoga. Hizi ni habari njema, kwa sababu ukoga ni kitu ambacho kila mtu anaweza kukiondoa. La pili ni kwamba katika hatua hiyo ya mwanzo maradhi hurudi nyuma yakiondolewa chanzo chake. Mtu aonaye damu katika mswaki wake mara nyingi huogopa, akaacha kusugua mahali panapotoka damu ili "pasije pakaumia zaidi". Afanyavyo hivyo huwalinda adui zake. Damu hiyo ni ishara kwamba mahali hapo pana ukoga na pahitaji kusafishwa kwa uangalifu zaidi, taratibu lakini kila siku. Isipokoma baada ya wiki mbili, hapana budi kumwona mtaalamu.

Ukoga usipoondolewa kwa miaka, uvimbe waweza kushuka chini ya ufizi na kuuharibu mfupa unaolishika jino. Mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Jino hulegea, hucheza, na mwishowe hutoka likiwa zima, bila tundu hata moja. Hata hivyo haifai kutia chumvi. Löe huyo huyo na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 kwa muda wa miaka 15. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, na wote walikuwa na ukoga na uvimbe wa fizi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba asilimia 8 kati yao waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 waliharibikiwa kwa kiasi cha wastani, na asilimia 11 hawakupita hatua ya uvimbe wa kawaida. Maana yake ni kwamba miili haitofautiani kwa sura tu, bali hata kwa nguvu za kujikinga, na leo yajulikana kwamba uvutaji wa sigara na ugonjwa wa kisukari huongeza hatari. Lakini kijana hana njia nyepesi ya kujua yumo katika kundi lipi. Mwenye busara hachezi kamari kwa kitu kisichooteshwa tena.

Sukari: Mara Ngapi, si Kiasi Gani Tu

Maradhi ya pili yatokanayo na ukoga ni kuoza kwa meno. Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1890 kwamba bakteria wa kinywani hula sukari na wanga wakatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya jino. Katika miaka ya 1940 Robert Stephan, Mmarekani mwingine, alipima ukali wa asidi ndani ya ukoga wenyewe. Aligundua kwamba dakika chache baada ya sukari kuingia kinywani asidi hupanda ghafla, kisha mate huidhoofisha polepole, na huenda ikachukua nusu saa hadi saa nzima kabla hali haijarudi kama ilivyokuwa. Enameli huanza kuyeyuka pale kipimo cha asidi, yaani pH, kinaposhuka chini ya 5.5 hivi. Kikipanda tena, mate hurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Jino basi ni kama daftari la benki: kila siku hutolewa na kila siku huwekwa. Huharibika pale utoaji unapozidi uwekaji.

Kutokana na hesabu hiyo yaonekana kwamba jambo la kuogopa si kiasi cha sukari peke yake, bali pia ni mara ngapi inaingia kinywani. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana katika hospitali ya Vipeholm, Lund, Sweden, kati ya mwaka 1945 na 1953. Wagonjwa waliopewa sukari pamoja na mlo waliongezeka kuoza meno kwa kiasi kidogo. Waliopewa peremende za kunata kati ya mlo na mlo meno yao yaliharibika vibaya. Ni lazima isemwe wazi kwamba jaribio hilo lilikuwa doa katika historia ya sayansi. Wagonjwa wale walikuwa na ulemavu wa akili, hawakuweza kutoa ridhaa, na meno yao yaliharibiwa ili wengine wajifunze. Maarifa yaliyolipiwa kwa bei hiyo yasipotumiwa, dhuluma huwa mara mbili. Huko Sweden kwenyewe kulizuka baadaye desturi ya kuwapa watoto peremende siku ya Jumamosi tu.

Sasa mwalimu atazame langoni pa shule yake. Kikombe kimoja cha chai yenye sukari pamoja na mkate asubuhi ni shambulio moja. Lakini ubuyu wa sukari na rangi, unaomung'unywa mbegu moja moja kuanzia mapumziko ya kwanza hadi kengele ya kutoka, ni shambulio lisilokoma. Ndivyo ilivyo kwa peremende, barafu za rangi, na soda inayonywewa funda moja moja mchana kutwa. Mate hayapewi nafasi ya kufanya kazi yake. Mwanafunzi atakaye kitu kitamu akile mara moja, pamoja na chakula, kisha anywe maji. Kati ya mlo na mlo ale karanga, muhogo, tunda au mahindi ya kuchoma. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mwili unayoipata katika chakula, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5.

Funza, Nailoni na Madoa

Mahali ambapo maarifa hayajafika, dhana hujaza nafasi. Hata leo husikika kwamba jino "limeliwa na mdudu", na wako wanaoamini kwamba mdudu huyo ni funza awezaye kutolewa kwa mafusho. Imani hii si ya Afrika peke yake. Ilikuwako Babiloni ya kale, na huko Ufaransa Pierre Fauchard alilazimika kuikanusha katika kitabu chake cha mwaka 1728. Waaminio hivyo wamekosea ukubwa wa kiumbe tu. Aliyemo si funza wa kuonekana kwa macho bali ni bakteria, naye hatolewi kwa mafusho bali kwa mswaki.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni ile ya "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, hudaiwa kwamba chanzo ni meno mabaya yaliyojificha katika ufizi, naye hupelekwa kwa mtu anayeuchokoa ufizi na kuyatoa. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge la utotoni. Mtoto huweza kutokwa damu nyingi au kuambukizwa, huku malaria au kuharisha kulikomletea homa kukiachwa bila tiba. Na akipona, huenda chonge lake la ukubwani likaota likiwa na kasoro au lisiote kabisa. Wanafunzi wa sekondari wa leo ndio baba na mama wa miaka michache ijayo. Wakitoka shuleni bila kulijua jambo hili, mtaala uliowapitisha utakuwa na sehemu ya lawama.

Yako pia madoa ya hudhurungi katika meno ya watu waliokulia sehemu zenye maji ya floridi nyingi, mathalani pembezoni mwa Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na katika nyumba zinazopikia magadi yenye madini hayo. Madoa hayo si uchafu wala si dalili ya uvivu. Huingia katika enameli wakati jino lingali likijengwa ndani ya taya, na hakuna mswaki uwezao kuyatoa. Kijana anayechekwa kwa meno yake, akayasugua kwa mchanga au mkaa, huongeza hasara juu ya hasara. Wajibu wa mwalimu ni kukomesha kicheko hicho kwa maelezo sahihi.

Floridi yenyewe ni mfano mzuri wa kanuni kwamba kipimo ndicho hutofautisha dawa na sumu. Katika maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kuwa ndicho kisichofaa kuzidiwa. Katika dawa ya meno, ambayo hutemwa wala haimezwi, floridi huyasaidia madini kurudi katika enameli. Kwa sababu hiyo dawa ya meno yenye floridi iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu za shirika hilo. Mtoto chini ya miaka mitatu hutosheka na kiasi cha punje ya mchele.

Mswaki wa Mti na Mswaki wa Dukani

Kiswahili kimetumia neno moja, mswaki, kwa kijiti cha mti na kwa brashi ya dukani, na wenye lugha hawakukosea. Kazi ni ile ile. Waislamu wa pwani na wa bara wamekitumia kijiti hicho kwa karne nyingi kwa kufuata suna, na watu wa dini na makabila mengine wamekitumia vile vile. Wako wasomi wanaokidharau kuwa ni kitu cha kijijini, na wako wapenda asili wanaodai kwamba kinatosha kwa kila kitu. Makundi yote mawili yamevuka mpaka. Tafiti zilizofanywa katika nchi kinakotumiwa zimeonyesha kwamba mtu akikitumia kwa uangalifu aweza kuondoa ukoga karibu sawa na atumiaye brashi, na maganda ya mti uitwao kwa Kilatini Salvadora persica yana kemikali zenye uwezo fulani wa kuzuia bakteria. Lakini kijiti hakifiki kwa urahisi upande wa ndani wa magego, kikitumiwa kwa nguvu huuchubua ufizi, na hakina floridi ya kutosha kulikinga jino.

Ushauri wa haki ni huu. Mwenye kijiti akitafune hadi ncha iwe laini kama brashi, aikate ncha hiyo kila siku, asugue pande zote za kila jino, na akipata dawa ya floridi aitumie. Mwenye brashi achague yenye nyuzi laini, aielekeze kwenye mpaka wa jino na ufizi, aisogeze kwa mizunguko midogo kwa muda wa dakika mbili, kisha ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki. Afanye hivyo mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, kwa sababu mate hupungua sana usingizini. Mwenye uzi wa meno apitishe kati ya jino na jino, mahali ambapo mswaki wowote haufiki.

Shule Ifanye Nini?

Pendekezo la kwanza ni kwamba somo la jino litoke ubaoni liingie kinywani. Siku moja kila muhula wanafunzi watakaoridhia wapake meno yao rangi ya chakula kwa pamba, wasukutue, wajitazame katika kioo. Ukoga hushika rangi zaidi kuliko jino safi. Kila mmoja ahesabu meno yenye rangi, apige mswaki wake mwenyewe, ahesabu tena, aandike asilimia iliyopungua. Hapo kuna biolojia, hesabu, na uchunguzi wa kweli ambao matokeo yake yamo kinywani mwa mchunguzi.

Pendekezo la pili ni kwamba majaribio yafundishwe pamoja na mipaka yake. Walimu wengi hutumbukiza ganda la yai katika siki kuonyesha jinsi asidi inavyoharibu jino. Ni jaribio zuri, ila mwanafunzi aambiwe kwamba ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, ambapo enameli hasa ni kalsiamu fosfeti, na kwamba asidi ya kinywani hutengenezwa na bakteria papo hapo, haimiminwi kutoka chupani.

Pendekezo la tatu ni kwamba bweni litenge dakika za kupiga mswaki kabla ya taa kuzimwa, na kwamba duka la shule lisiuze saa zote kile ambacho darasani huitwa sumu ya meno.

Pingamizi zitakuwapo. Itasemwa kwamba mtaala umejaa; lakini pendekezo haliongezi mada mpya, bali linaifanya mada iliyopo iwe na faida. Itasemwa kwamba maji ni haba. Lakini nusu kikombe yatosha. Itasemwa kwamba huo ni wajibu wa wazazi. Ni kweli, lakini mzazi ambaye hakufundishwa atafundisha nini? Itasemwa kwamba dawa ya meno ni ghali. Nayo ni kweli kwa familia nyingi, na serikali zapaswa kuitazama bei hiyo kama zinavyotazama bei ya dawa nyingine muhimu. Hata hivyo aliyekosa dawa ya tyubu hajakosa mkono, na ukoga hubomolewa kwa mkono.

Wala isidhaniwe kwamba nchi za Afrika Mashariki hazina la kutoa katika uwanja huu. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzishwa nchini Tanzania, chini ya Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, njia ya kusafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono na kuliziba kwa saruji maalumu inayoshika jino, bila umeme wala mashine ya kutobolea. Baadaye njia hiyo ilienea katika nchi nyingi, hata tajiri. Uhaba ulizaa fikra. Lakini hata njia hiyo njema ni ya kuziba kilichokwisha kutoboka.

Jino la kubandika, kwa ufundi wake wote na gharama zake zote, lingali jino la pembe. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ana meno yake karibu yote. Anachohitaji ni mswaki, dakika mbili kabla ya kulala, na mwalimu aliyemweleza kwa nini.